Maswali na majibu: mvuke wa Olkaria na tokeni zako

Mimi ni mkazi wa Naivasha. Moshi wa Olkaria nauona kila asubuhi, lakini tokeni za umeme nanunua bei moja na mtu wa Busia. Kwa nini?

Kwanza, ule si moshi, ni mvuke unaotoka visima vya ardhini na kuzungusha mitambo ya umeme. Pili, KenGen inayozalisha stima hiyo haijawahi kukuuzia hata uniti moja. Yenyewe huiuzia Kenya Power kwa jumla, kwa mikataba ya miaka mingi, na Kenya Power ndiyo yenye nguzo, waya na mita yako. Bei ya mwisho huidhinishwa na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, nayo ni moja nchi nzima.

Sasa soma ule ujumbe wa tokeni vizuri. Utakuta gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya asilimia 5 ya kupeleka umeme vijijini, kisha VAT. Hapo kwenye mafuta ndipo mvuke unapokusaidia bila wewe kujua: Olkaria ikizalisha, mitambo ya dizeli inapumzika. Mabwawa ya umeme ya Mto Tana yakipungua maji, mvuke haujui kuna ukame. Unafuu upo, ila unagawana na huyo wa Busia. Kama jirani wa kisima anastahili zaidi (mimi naona anastahili), mpelekee mbunge wako hoja hiyo.

Mvuke hautakwisha?

Joto lipo, kinachochoka ni kisima. Visima vya Olkaria hufika hata kilomita 3 chini, na hutoa mvuke uliochanganyika na maji ya moto. Mvuke unazungusha mtambo, maji yanarudishwa ardhini kupitia visima vingine ili chini kusikauke. Kisima kikipoteza nguvu, kinachimbwa kingine. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwashwa 1981, kabla hata ya jina KenGen kuwepo.

Ni kweli Wamaasai walifukuzwa?

Walihamishwa. Mwaka 2014, familia zilizoishi palipojengwa Olkaria IV zilipelekwa eneo linaloitwa RAPland. Nyumba zilijengwa, shule pia. Lakini wenyewe walilalamika kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokopesha mradi, ikabidi usuluhishi ufanyike. Anayekuambia umeme huu ni safi kabisa anahesabu hewa tu. Mfugaji huhesabu malisho.

Naweza kununua hisa za KenGen?

Ndiyo. Ziko kwenye Soko la Hisa la Nairobi tangu 2006, ila serikali imeshika asilimia 70. Usikope ili ununue.

Harufu ya mayai viza kwenye bwawa la kuogelea la Olkaria ni ya nini?

Ni gesi ya haidrojeni salfaidi, inayopanda na mvuke. Kwa kiasi kidogo ni kero ya pua tu. Maji yenyewe ni ya moto, yametoka visimani, na watu huyafuata kutoka Nairobi. Kabla ya kuingia, vua pete na mikufu ya fedha, la sivyo utatoka na vyeusi.