Mgonjwa karudi nyumbani, ndoo atabeba nani?

Shule zimefungwa, mabasi ya mikoani yamejaa, na maswali mengi niliyopokea mwezi huu yanatoka kwenye nyumba ambazo mtu mmoja katoka hospitali na mshono huku wengine wote wanafunga mizigo. Nimechagua yale yanayogusa jambo ambalo nimelisema tangu nikiwa muuguzi wa wodi ya upasuaji: daktari anamaliza sehemu yake kwa saa chache, iliyobaki ni kazi ya watu wa nyumbani, na wengi hawaifanyi.

Shikamoo mama. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji wiki tatu zilizopita. Mama yangu anasisitiza akandwe kwa maji ya moto ili damu chafu itoke na tumbo lirudi. Halafu mwaka huu ni zamu yetu kwenda Moshi kwa Krismasi, babu amwone mjukuu. Tusafiri? (Baba wa mtoto, Tabata)

Marahaba baba. Tumbo lake lisikandwe. Damu ya uzazi hutoka yenyewe, mama awe amejifungua kwa njia ya kawaida au kwa kisu, na taulo la moto haliongezi kitu. Kinachosaidia kizazi kurudi ni kunyonyesha, kwa sababu kila mtoto anapovuta ziwa kizazi nacho kinajikaza.

Mshono wa uzazi unadanganya macho. Juu unaona ngozi imeshikana, ukadhani mambo yamekwisha. Chini ya ngozi kuna mafuta, kuna utando mgumu unaofunika misuli, kuna kizazi chenyewe, na vyote hivyo vilikatwa vikashonwa. Huko ndani kupona kunachukua wiki nyingi. Isitoshe, ngozi iliyo karibu na kovu inakuwa na ganzi kwa miezi, maana mishipa midogo ya fahamu imekatwa. Nimepokea wodini wanawake walioungua tumbo kwa maji ya kukandwa bila kusikia chochote, malengelenge wakayaona jioni.

Mama yako usimwambie kwamba mambo yake yamepitwa na wakati. Mpe kazi anazozijua kuliko wewe: apike mtori na uji wa ulezi, amshike mtoto ili mama yake alale mchana, amkande mabega na mgongo kwa maji ya vuguvugu ikiwa mkeo anapenda. Miguu aiache. Kwa wiki sita baada ya kujifungua damu huganda kirahisi kuliko kawaida, na baada ya upasuaji zaidi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, haukandwi wala hauchuliwi, unapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu bonge la damu likichomoka linakwenda kwenye mapafu.

Na hapo ndipo jibu la Moshi lilipo. Ni zaidi ya kilomita 500, siku nzima amekaa magoti yamekunjwa, kichanga mapajani, matuta kila kijiji. Mwaka huu hapana. Babu apande basi aje yeye, au asubiri Pasaka.

Sasa nami nina swali ambalo hukuliuliza. Hapo nyumbani maji anachota nani? Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mwanamke aliyepasuliwa hatakiwi kubeba kitu kizito kuliko mtoto wake mpaka wiki sita zipite. Nimeona mishono mingi iliyoachia, na mara nyingi tukiuliza vizuri tunaikuta ndoo, au beseni la nguo mbichi, au kinu. Sheria inampa baba siku 3 za likizo ya uzazi, tena ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache mno, na wabunge wamewahi kulisikia hilo. Lakini likizo yako ya mwaka ni siku 28. Ulikuwa unaitunza kwa ajili ya safari. Itumie sasa hivi, hapo hapo Tabata, kwa kuchota maji na kufua nepi.

Natumia metronidazo baada ya upasuaji. Sikukuu naruhusiwa bia moja?

Hapana, hadi siku tatu zipite tangu kidonge cha mwisho.

Mimi ni mpakiaji wa ghala Mwanza, nina miaka minne kazini. Nimefanyiwa upasuaji wa henia. Bosi anasema siku za kupumzika zitakatwa kwenye likizo yangu ya mwaka, na nilishapanga kwenda kwetu Januari. Ni haki?

Si haki, na nimechoka kulisikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imetenganisha likizo ya ugonjwa na likizo ya mwaka. Ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwajiri haruhusiwi kukulazimisha utumie siku zako za mwaka kulala na mshono. Wewe kwa upande wako unatakiwa uwe na cheti cha daktari aliyesajiliwa, kwa hiyo usitoke hospitali bila ED, yaani karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi, iliyoandikwa tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na nakala yake ibaki kwako. Wengi wanaacha karatasi moja tu ofisini, ikipotea wanakosa pa kuanzia. Akikataa kabisa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Akikufukuza, muda ni siku 30 tu, usikae ukisubiri huruma yake.

Jambo la pili ni kazi yenyewe. Wiki nne hadi sita hubebi mzigo, na mfuko wa saruji una kilo 50. Muombe daktari aandike kwa maneno hayo hayo, "asinyanyue vitu vizito", na mpaka tarehe gani, maana msimamizi wa ghala akikuona unatembea wima ataamini umepona. Ukitaka kukohoa, shika mto juu ya mshono na uubane kidogo. Kama unavuta sigara, huu ndio wakati wa kuacha. Kikohozi cha mvutaji kinavuta ule mshono mchana na usiku.

Mshono unauma na unatoa maji, nipake nini? (Wengi, kila wiki)

Nimeshaomba mara nyingi: ukiuliza, sema ulipasuliwa nini, lini, na maji hayo ni ya rangi gani. Siwezi kujibu "mshono unauma". Siku ya tatu kila mshono unauma. Siku ya kumi na mbili, maumivu yaliyokuwa yamepungua yakianza upya, hilo ni jambo jingine kabisa.

Matone ya maji mepesi ya rangi ya waridi siku za mwanzo hayatishi. Usaha, harufu, homa, wekundu unaotanuka, ngozi kuwa ya moto, au uwazi kati ya nyuzi: rudi ulikopasuliwa leo, si baada ya sikukuu. Wodi ya upasuaji haifungwi Krismasi.

Na usipake kitu. Iwe spiriti, iwe majivu, iwe chumvi. Usipake kitu. Kinachoniudhi kuliko vyote ni kufungua vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Unga ule unakauka na kuwa gamba, usaha unabaki chini yake, na muuguzi analazimika kuubandua ukipiga kelele. Vidonge viliandikwa kumezwa, vimeze mpaka viishe hata kama umepata nafuu siku ya tatu.

Baba mkwe amefanyiwa upasuaji wa tezi dume, yuko kwetu Morogoro na mpira wa mkojo. Ndugu wanakuja kumwona tangu asubuhi hadi usiku. Mimi napika tu. Yeye siku hizi hata maji hataki kunywa. (Mkwe mtu)

Pole sana binti. Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya niichague barua hii. Hataki maji kwa sababu anaona aibu. Mfuko wa mkojo unaning'inia kando ya kitanda, sebule imejaa wakwe na mashemeji, na mtu mzima anahesabu kwamba akinywa kidogo mfuko hautajaa mbele yao. Matokeo yake mkojo unakuwa mzito, damu iliyobaki inaganda, mpira unaziba. Mpira ukiziba mzee anateseka vibaya sana.

Kwa hiyo wageni wapangiwe muda. Saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni inatosha, na atakayetangaza hivyo awe mumeo, si wewe, maana mkwe akifunga mlango ukoo mzima utalisema neno hilo miaka kumi. Mfuko ufunikwe kwa kitambaa safi, ukae chini ya usawa wa kibofu, usiwekwe kitandani wala kugusa sakafu. Mumeo ndiye aumwage, akiwa amenawa kabla na baada. Kama daktari hajamzuia maji kwa ajili ya moyo au figo, jagi liwe karibu naye na lijazwe tena mchana.

Asijikamue chooni, mpe papai, mboga za majani na maharage. Asimnyanyue mjukuu. Wiki moja au mbili baadaye mkojo unaweza kurudi kuwa mwekundu kidogo siku moja, ukaisha akinywa maji. Yakitoka mabonge, au mkojo ukagoma, hospitali usiku huo huo.

Na nyie mnaokwenda kuwaona wagonjwa, nisikieni. Mnakaa saa tatu, mnakula wali, mnasimulia habari za fulani aliyepasuliwa ugonjwa huo huo akafa. Nenda dakika ishirini, peleka sukari au mkaa, osha vyombo ulivyovikuta, ondoka. Ukiwa na mafua, piga simu.

Assalaam alaykum. Niko Muscat, nimetolewa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo. Nina tiketi ya kuja Unguja siku ya sita, harusi ya mdogo wangu. Ndege haitaniletea matatizo?

Waalaykum salaam mwanangu. Kwa upasuaji wa matundu madogo, mwongozo wa kawaida wa ndege ni kusubiri siku 4 hadi 5. Wa tumbo kufunguliwa kwa ukubwa, siku 10. Ile hewa waliyokujaza tumboni wakati wa upasuaji inakuwa imeisha. Daktari wako akikuona kabla ya safari na akaridhika, panda. Ukiwa ndani ya ndege nyanyuka utembee, kunywa maji.

Ninachokiogopa mimi ni Unguja yenyewe. Nakujua jinsi utakavyokuja: masanduku mawili ya kilo thelathini na zawadi za mtaa mzima, halafu ukifika, usiku huo huo jikoni kwenye shughuli, unageuza sufuria la biriani. Sanduku asinyanyue mwingine isipokuwa mchukuzi au kaka yako. Harusini kaa kitini kama mgeni. Na biriani lenyewe na sambusa onja kidogo kidogo wiki za mwanzo. Wengi wakila mafuta mengi mapema baada ya kutolewa nyongo wanaharisha.

Nyanya yetu katolewa mtoto wa jicho, anataka kurudi kijijini Kilifi wiki hii. Anasema anaona vizuri sana.

Anaona vizuri, na hiyo ndiyo hatari, kwa sababu atakwenda moja kwa moja kwenye kuni. Arudi tu ikiwa kuna mtu wa kumpikia na wa kumtilia dawa ya matone kwa saa zilizoandikwa, mikono ikiwa imenawiwa. Asisugue jicho, asimwagie maji usoni, asikae penye moshi na vumbi, kwa wiki nne au kama alivyoambiwa. Jicho likiuma sana, likiwa jekundu au uoni ukipungua, arudishwe siku hiyo.

Mwanangu wa miaka sita ametolewa tonsesi siku nne zilizopita. Naona utando mweupe kooni, bibi yake anasema ni usaha. Na tuliahidi kumpeleka Bagamoyo kuogelea likizo hii. (Mama, Kinondoni)

Utando huo mweupe si usaha, ni gamba la kidonda linavyopona, na pumzi kunuka siku hizi ni kawaida. Usimsugue kwa kidole wala kwa kitambaa. Mpe parasetamo ya kipimo cha uzito wake kwa saa zake, usisubiri alie, na nusu saa baadaye mpe chakula, kwa sababu mtoto anayeogopa kumeza anakaa na njaa, koo linakauka na maumivu yanazidi. Usimpe aspirini.

Kati ya siku ya tano na ya kumi gamba linabanduka, na hapo ndipo damu inapoweza kutoka. Lala naye chumba kimoja. Ukimsikia anameza meza usingizini, au akitapika kitu chekundu au cheusi kama kahawa, usisubiri kuche. Ndiyo maana kwa wiki mbili hamuendi mbali na hospitali.

Na kwa kuwa bibi ameshaanza kuangalia koo la mtoto, nakuonya mapema: akianza kukohoa, mtu asije akakushauri umpeleke akakatwe kimeo. Watoto wanavuja damu mikononi mwa wale wakataji, wanapata pepopunda kwa nyembe zao, na kikohozi chenyewe kilikuwa cha mafua tu au cha nimonia iliyokuwa inasubiri dawa.

Wiki mbili zikipita bila damu, mpeleke Bagamoyo aogelee.