Kutafuta Maandishi ya Kiswahili Ndani ya PostgreSQL

Swali: Nimehifadhi makala za Kiswahili katika PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata), nikatumia to_tsvector, yaani kitendaji kinachogawa maandishi kuwa maneno ya kutafutwa, kwa usanidi (kanuni za lugha) wa 'english' pamoja na faharasa ya aina ya GIN. Utafutaji una kasi, lakini nikiandika "walimu" sipati makala zenye "mwalimu", na habari za mji wa Same hazionekani kabisa. Je, upo usanidi wa Kiswahili?

Jibu: Usanidi wa Kiswahili haumo miongoni mwa zile zinazokuja na PostgreSQL, na huo wa Kiingereza unapaswa kuuacha leo hii, kwa sababu umejengwa juu ya kanuni mbili ambazo lugha yetu haizifuati. Kwanza, hukata viambishi tamati ili kulifikia shina la neno, ilhali umoja na wingi wa nomino zetu huonekana mwanzoni mwa neno, kwa hiyo "mwalimu" na "walimu" hubaki maneno mawili yasiyojuana. Pili, una orodha ya maneno ya Kiingereza ya kupuuzwa, na "same" ni mojawapo, hivyo mji mzima wa mkoa wa Kilimanjaro unafutwa kabla haujafika kwenye faharasa, bila kosa lolote kuripotiwa wakati wa kuhifadhi.

Anza na usanidi wa 'simple', ambao hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo na kuliacha neno kama lilivyo (hapa makala ni jedwali lako, na matini ni safu yenye maandishi):

CREATE TEXT SEARCH CONFIGURATION kiswahili (COPY = simple);

ALTER TABLE makala ADD COLUMN tafuta tsvector GENERATED ALWAYS AS (to_tsvector('kiswahili', translate(matini, '''’', ''))) STORED;

CREATE INDEX ON makala USING GIN (tafuta);

Safu ya aina hii inahitaji toleo la 12 au jipya zaidi, na ni lazima jina la usanidi litajwe ndani ya to_tsvector, kwani bila jina hilo matokeo hutegemea mipangilio ya seva na amri itakataliwa. Kazi ya translate ni kuondoa ritifaa, yaani alama ya '. Usipoiondoa, "ng'ombe" hukatwa vipande viwili, "ng" na "ombe", na msomaji anayeandika "ngombe" hapati kitu. Basi ondoa ritifaa hiyo hiyo katika maneno anayoyaandika mtafutaji.

Unaweza kuongeza faili ya maneno ya kupuuzwa kama "ya", "wa" na "kwa", lakini faili hiyo hukaa ndani ya seva yenyewe, mahali ambapo wateja wa huduma za kukodi kwa kawaida hawafiki. Mimi nisingehangaika nayo; faharasa itakuwa kubwa kidogo tu.

Jambo linalostahili jasho lako ni ngeli. Wengi hukimbilia kuunda kamusi ya visawe inayogeuza "walimu" kuwa "mwalimu" wakati wa kuhifadhi, na matokeo yake ni kwamba kila neno jipya linapoongezwa makala zote za zamani zinapaswa kuchakatwa upya, kwa sababu safu iliyokwisha kukokotolewa haijirekebishi yenyewe kamusi inapobadilika. Ninashauri jozi hizo ziwekwe upande wa ombi la utafutaji, katika jedwali la kawaida lenye safu mbili za aina ya tsquery (aina ya data ya maombi ya utafutaji), zikiandikwa kwa herufi ndogo; kisha ts_rewrite huweka mbadala mahali pa neno ndani ya ombi:

INSERT INTO ngeli (neno, mbadala) VALUES ('walimu', 'mwalimu | walimu'), ('mwalimu', 'mwalimu | walimu');

SELECT kichwa FROM makala WHERE tafuta @@ ts_rewrite(websearch_to_tsquery('kiswahili', 'walimu wapya'), 'SELECT neno, mbadala FROM ngeli');

Ukiongeza jozi asubuhi, inafanya kazi papo hapo bila kugusa makala hata moja. Kumbuka upatanisho: anayetafuta "walimu wapya" hatapata "mwalimu mpya" mpaka "wapya" nayo iwe na mbadala wake. Sifa zinazobadilika kwa ngeli si nyingi, kwa hiyo -pya, -zuri, -kubwa na wenzake zinaweza kuingizwa zote kwa mkupuo mmoja.

Vitenzi havitawezekana kwa njia hiyo, maana shina moja huzaa maumbo mengi mno. Alama ya :* nayo haisaidii, kwani hulinganisha mwanzo wa neno: soma:* italeta "Somalia" na kuiacha "anasoma". Hapa tumia nyongeza ya pg_trgm, ambayo huweka faharasa ya herufi tatutatu na kuruhusu kutafuta katikati ya neno kwa kasi:

CREATE EXTENSION pg_trgm;

CREATE INDEX ON makala USING GIN (matini gin_trgm_ops);

Sharti la matini ILIKE '%fundish%' litaleta "anafundisha", "walifundishwa" na hata "mafundisho". Faharasa hii hula nafasi kubwa, na mizizi mifupi kama ile ya "kula" haifaidiki nayo, kwa sababu kipande chenye herufi pungufu ya tatu hulazimisha faharasa yote kupitiwa. Kwa hiyo iendeshe kama hatua ya pili, pale tu utafutaji wa kwanza unapoleta matokeo machache, na uyaweke matokeo yake chini ya yale ya kwanza.