Viazi viliondoka, nyumba zikaota: tunajibu maswali yenu

SWALI: Shikamoo mhariri. Toleo lililopita mlitoa picha ya Levittown kule Marekani imepigwa toka angani, nyumba zimepangana kama punje kwenye gunzi la mahindi, mkaandika kwamba kabla ya vita kuu ya pili palikuwa mashamba ya viazi. Hao wakulima ilikuwaje wakauza yote, au ndo tamaa ya hela? (Mwanafunzi wa jiografia)

JIBU: Marahaba mwanangu. Tamaa haitoshi kueleza, na huwa inaniuma wakulima wale wakisemwa hivyo. Levittown iko kwenye kisiwa cha Long Island, mashariki ya jiji la New York, ardhi tambarare kabisa na viazi vilikuwa vinalimwa sana. Sasa mwaka 1941, Hicksville, jirani tu na hapo, ikagundulika minyoo ya viazi, midogo mno, inashambulia mizizi na mayai yake yanajificha udongoni ndani ya vifuko vigumu miaka na miaka, yaani hata ukilipumzisha shamba ukirudi unaikuta. Serikali ikaweka karantini. Kwa hiyo mkulima keshachoka, alafu 1945 vita inaisha, askari wanarudi kwa mamilioni na nyumba hakuna, manake miaka ya mdororo wa uchumi na miaka ya vita ujenzi ulikuwa umelala. Tayari 1944 ilishapitishwa sheria ya kuwasaidia askari waliorudi, serikali inadhamini mkopo wa nyumba na wengi hawakudaiwa hata kianzio. Soko lilikuwa linasubiri ardhi tu.

Kampuni ya Levitt na wanawe ikaanza kujenga 1947. Hawakuchimba vyumba vya chini, wanamwaga zege la sakafu wanaenda, na kila kikundi cha mafundi kina kazi yake moja, kinatoka nyumba hii kinaingia ya pili, siku zilizochanganya zaidi walimaliza nyumba 30 kwa siku. Kufikia 1951 zilikuwa zimepita 17,000. Mwanzo walipangisha kwa dola 60 kwa mwezi, baadae wakaziuza dola 7,990.

Ila hata pale ambapo minyoo haikufika mashamba yaliondoka, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wengi hawaijui hii. Majimbo mengi yalikuwa yanatoza kodi ya ardhi kwa bei ya soko, sio kwa kile shamba linachozalisha. Jirani yako akiuza kwa mjenzi, thamani ya shamba lako inapanda kwenye makaratasi ya mthamini na wewe hujapata hata senti, bado unauza viazi vile vile kwa bei ile ile. Alafu familia changa zinahamia na watoto, watoto wanataka shule, shule zinaendeshwa kwa hiyo hiyo kodi ya majengo na ardhi, basi kiwango kinapanda tena. Na juu ya hapo wakazi wapya wanalalamikia harufu ya mbolea, dawa, na trekta linalonguruma alfajiri. Muuza mbegu na fundi trekta nao wanafunga maana wateja wamepungua. Mkulima wa mwisho kuuza hakuwa na tamaa, alikuwa kabaki peke yake.

SWALI: Mhariri, kwani Marekani si nchi kubwa? Si wangejenga kwenye mawe na majangwa wakaacha ardhi yenye rutuba? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Ndugu yangu, shida ni kwamba anachokitafuta mkulima ndo hicho hicho anachokitafuta mjenzi: ardhi imenyooka, maji hayatuami, imeshafyekwa, barabara ipo na mji uko karibu. Na miji mingi ilikaa pale ilipokaa kwa sababu palikuwa na udongo mzuri, kwa hiyo ikitanuka inaanza kula cha kwake.

Mfano unaoniumiza zaidi ni bonde la Santa Clara, California, lilikuwa limejaa miti ya plamu, aprikoti na cheri. Mji wa San Jose ulikuwa na watu kama 95,000 mwaka 1950. Meneja wa mji, A. P. Hamann, aliyekaa madarakani mpaka 1969, akawa anameza ardhi ya pembeni vipande kwa vipande, na kufikia 1970 watu walizidi 440,000. Miti iliyotunzwa miaka mingi ikang'olewa kwa mabuldoza. Kusini zaidi, Lakewood, kuanzia 1950 nyumba 17,500 hivi zilisimama ndani ya miaka michache palipokuwa na maharage na viazisukari. Hata Disneyland iliyofunguliwa Anaheim 1955 ilichukua eka kama 160, sehemu kubwa michungwa. Na usisahau sheria ya barabara kuu ya 1956, maili 41,000, serikali kuu inalipa asilimia 90, kila barabara ikawa inalisogeza shamba la mbali karibu na mjenzi.

SWALI: Watu weusi nao walizipata hizo nyumba? (Dada msomaji)

JIBU: Kwa sehemu kubwa hapana, dada, na ni aibu. Mikataba ya mwanzo ya Levittown ilikataza kabisa asiye mzungu kuishi pale, labda awe mtumishi wa ndani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema 1948 kwamba masharti ya namna hiyo mahakama haziwezi kuyasimamia, lakini ubaguzi ukaendelea. Mwaka 1957 William na Daisy Myers, mke na mume weusi, walipohamia Levittown ya Pennsylvania, mji mwingine wa kampuni hiyo hiyo, nao umejengwa juu ya mashamba, umati ulikusanyika nje siku baada ya siku na wakarushiwa mawe dirishani. Askari weusi walipigana vita ile ile.

SWALI: Hakuna aliyejaribu kuzuia? (Mkulima mstaafu)

JIBU: Walijaribu mzee wangu, ila wengi walichelewa. Maryland mwaka 1956 ikaamua shamba litozwe kodi kama shamba. California ikafuata 1965, mkulima anasaini mkataba wa miaka 10 wa kutojenga, anapunguziwa kodi. Oregon 1973 ikaulazimisha kila mji uchore mpaka wake wa kukua. Mie ninaoupenda zaidi ni wa Suffolk, wilaya ya mashariki ya kile kile kisiwa cha Long Island, katikati ya miaka ya 1970 walianza kununua haki ya kujenga toka kwa mkulima: anapewa hela, shamba linabaki lake na anaendelea kulima, ila nyumba hazitapandwa hapo tena. Ndo maana ukitoka Levittown ukaendelea mashariki kwa muda mrefu bado unakuta viazi ardhini.