Taya Linaalika: Je, Kosa ni la Meno ya Kuvua?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 54, naishi Tanga. Magego ya chini yameshang'olewa yote, kulia na kushoto, na huu ni mwaka wa nne navaa meno bandia ya kuvua, ya plastiki na waya. Miezi ya karibuni nikitafuna, taya la kulia linaalika mbele ya sikio na kuuma. Nikiamka mashavu yamechoka. Niyaache haya meno?

JIBU: Marahaba, mama, na pole. Usiyaache kabla hayajakaguliwa.

Meno ya namna hiyo hayana cha kuyashika kwa nyuma. Mbele waya zimekumbatia meno yako mwenyewe, nyuma sahani, yaani plastiki inayobeba meno bandia, imelalia fizi tu. Jino likishang'olewa, mfupa wake hupungua, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, kisha polepole miaka yote. Fizi inashuka, na magego ya plastiki nayo yanalika. Mwishowe ukifunga mdomo meno ya mbele hugusana, magego hayafikii, nawe unahamia upande mmoja bila kujijua.

Pima hivi. Yavae, kisha bonyeza gego bandia la mwisho kwa kidole: sahani ikiinuka upande wa mbele, haikai tena sawasawa juu ya fizi. Halafu kata ukanda wa karatasi ya risiti wenye upana wa sentimita moja, uume kwa magego, uuvute. Ukichomoka bila kukwama, upande huo haubebi mzigo. Rudia upande wa pili.

Ukikuta hivyo, huenda usihitaji meno mapya. Daktari wa meno huchukua upya umbo la fizi kwa sahani hiyohiyo, fundi wa maabara anaongeza plastiki kwa ndani, kisha meno huumishwa karatasi ya rangi ili panapotangulia kugusa papunguzwe. Magego yaliyolika sana hubadilishwa. Wewe usipinde waya wala kupiga msasa nyumbani. Na gundi ya dukani ikikaushia sahani mahali pasipo pake, kuinyoosha ni kazi kweli.

Ila tusiyasingizie meno kila kitu. Ndani ya kiungo cha taya kuna kisahani cha gegedu; kikiteleza mbele, hualika kila kinaporudi mahali pake. Mlio usio na maumivu, na mdomo unaopitisha vidole vyako vitatu, kwa kawaida hauhitaji tiba. Kuamka mashavu yamechoka hutiliwa shaka ya kubana meno usingizini, na kama usiku unayavua, hayo bandia hayamo hata mdomoni. Kwa hiyo akitokea wa kukusaga meno yako mazima eti yalingane, kataa kwanza. Jino lililosagwa halirudi.

Kwa wiki mbili kula vilaini: ndizi za kupika, samaki, nyama ya vipande vidogo. Muwa, mahindi ya kuchoma na chingamu viache. Kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, dakika 15 asubuhi na jioni. Mchana midomo ifunge, meno yaachane. Ukipiga miayo, shika kidevu.

Mdomo ukikwama, au uvimbe ukija na homa, usisubiri. Na kwa umri wako, maumivu ya kutafuna yakiambatana na maumivu mapya ya kichwa penye panja au macho kufifia, nenda hospitali siku hiyohiyo: mshipa wa damu ukivimba unaweza kupofusha.

SWALI: Mume wangu hulala na meno bandia, anasema akiyavua taya linamuuma. Ni sawa?

JIBU: Kawaida huvuliwa ili fizi zipumzike na fangasi wasizaliane, yakalowekwa kwenye maji ya kawaida, ya moto huyapinda. Kwa mwenye maumivu kama yake, daktari anaweza kumtengenezea kifaa cha kuvaa usiku, au kumruhusu alale nayo na kuyavua saa kadhaa mchana. Lakini kama ni kisahani kidogo cha jino moja au mawili, akivue tu: wapo waliovimeza usingizini, waya na yote.