Hip-hop ya dunia: ingia kwa mtaa mmoja

Barua za wiki hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu anaifikiaje hip-hop ya nchi asizozijua? Nimechukua tano.

Dada, nimekulia kwa Hard Blasters na Professor Jay, na za Marekani ninazo za kunitosha. Sasa nataka kwenda mbali. Nianzie wapi? – Msomaji, Morogoro

Anzia Dakar, Senegal, mdogo wangu, na usiwe na haraka ya kuondoka. Didier Awadi na Duggy Tee walikuwa mahasimu, kila mmoja na kundi lake. Mwaka 1989 wakaacha kupimana ubavu, wakaunda Positive Black Soul, wakawa wanachana, yaani kurapu, kwa Kiwolofu, Kifaransa na Kiingereza. Ukishawazoea, nenda kwa Daara J, halafu Keur Gui wa mji wa Kaolack. Thiat na Kilifeu wa Keur Gui walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa vuguvugu la Y'en a Marre, yaani "tumechoka", mwaka 2011. Umeme ulikuwa ukikatika ovyo, na Rais Abdoulaye Wade anataka muhula wa tatu. Wakawahimiza vijana wajiandikishe kupiga kura, na Machi 2012 Wade akaangushwa kwenye sanduku.

Kilichonikamata mimi zaidi ni taarifa ya habari. Mwaka 2013 Xuman na Keyti walianza kuisoma habari ya wiki kwa mistari: mmoja anachana kwa Kifaransa, mwenzake kwa Kiwolofu. Itafute kwenye intaneti. Hata kama huna neno la Kiwolofu, utajua ni wapi waziri ameguswa.

Nitafaidi nini na wimbo nisioelewa hata neno moja? – Msomaji, Mombasa

Wewe umetoka Mombasa, kwa mshairi Muyaka, kwa hiyo sikio unalo tayari. Chukua karatasi. Cheza ubeti mmoja, na kila mstari unapofika mwisho andika sauti uliyoisikia, basi. Usihangaike na maana. Rudia mara tatu. Mimi nilifanya hivyo kwa kundi la Rhymester la Japani, nikaona karatasi yangu inajaa silabi kama zetu: ka, mo, ri, ta. Kijapani nacho hupenda kufunga silabi kwa irabu.

Ila Kijapani huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, na vitenzi hivyo huishia kwa sauti chache zinazofanana. Kina cha namna hiyo hakina jasho. Basi wachanaji wakaanza kuipindua sentensi, nomino ndiyo ifunge mstari. Sisi tunalijua tatizo hilo. Vitenzi vyetu vingi vinaishia na "a", na mshairi wa kwetu hakubali irabu peke yake iitwe kina. Anadai silabi nzima, "-ba" kwa "-ba". Ukishaisikia kazi hiyo kwenye lugha ya watu, utamheshimu mchanaji kabla hujajua alikuwa anasema nini. Tafsiri itafuata, na utaitafuta kwa hamu.

Hapa tulipo ni Kiarabu asubuhi hadi jioni. Je, kuna cha kusikiliza? – Msomaji, Muscat

Kipo kingi, lakini anza na DAM, Wapalestina wa mji wa Lod. Wimbo wao wa mwaka 2001 unaouliza "nani gaidi?" ulisambaa sana kwenye intaneti. Wewe unayeelewa Kiarabu utafaidi kuliko mimi.

Mwanangu amekulia huku. Anasema hip-hop ni ya Marekani, sisi tunaiga tu. Nimjibuje? – Mama, Toronto

Shikamoo mama. Mwambie kwanza kwamba ile pati ya Agosti 11, 1973, kule Bronx, New York, inayohesabiwa kuwa chimbuko, dijei wake alikuwa Kool Herc, mtoto wa Kijamaika aliyezaliwa Kingston. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kulikuwa na mgeni ndani ya nyumba.

Kisha usimfiche: ndiyo, tuliiga. Mwaka 1991 Saleh J alishinda shindano jijini Dar es Salaam akichana kwa Kiswahili juu ya wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice. Lakini maneno yalikuwa yameshahamia nyumbani, na hapo ndipo muziki unapobadilisha uraia. Muwekee kundi la Kalamashaka la Dandora, Nairobi. Usimwambie chochote, mwache asikilize, na akiuliza maana ya neno, mfasirie palepale. Naamini atauliza.

Nitajie mji mmoja nje ya Afrika ambao ukikosa umekosa. – Msomaji, Goma

São Paulo, Brazili. Miaka ya 1980 vijana walikuwa wakikutana kituo cha treni za chini ya ardhi cha São Bento kucheza brekidansi, na humo humo wachanaji wakajuana. Racionais MC's, kundi la wanne, ndilo lililonishika. Mano Brown anatoka Capão Redondo, pembezoni mwa jiji, na anaongea kama mtu aliyekaa nawe kibarazani usiku, bila kupaza sauti, habari za polisi, gereza na mama anayesubiri. Nyimbo zao nyingine ni ndefu kupita dakika saba, hazina korasi ya kukupumzisha. Albamu yao ya 1997, "Sobrevivendo no Inferno", baadaye iliingizwa katika orodha ya kazi za kusomwa kwa mtihani wa kujiunga na chuo kikuu cha Unicamp. Kijana wa mtaa ule ule waliouimba akawa anaulizwa mistari hiyo kwenye karatasi ya mtihani. Isikilize usiku, redio ikiwa chini.