Dabo ya wanaume: mmeuliza, najibu

Simu imejaa maswali ya tenisi ya dabo, ile ya wawili kwa wawili, sijui nani kawaambia mie mtaalamu, ila korosho bado hazijaanza kudondoka na nafasi ipo, twende.

Kaka, yule anayekaa karibu na neti mbona anaficha mkono mgongoni anachezesha vidole? Anaroga? (Mikindani)

Hahaha hakuna uchawi ndugu yangu, anaongea na mwenzake anayeseva (anayeanzisha mpira) nyuma yake. Wapinzani wanamwona mbele tu, mgongoni hawaoni. Kila timu ina lugha yake, ila mara nyingi vidole vinasema seva iende wapi, pembeni, katikati au mwilini kabisa, halafu ngumi ni nabaki hapahapa, kiganja wazi ni navuka upande wa pili nikauzime mpira ukirudi. Sasa msipoelewana, mmoja kavuka na mwingine kasimama, upande mzima unabaki mweupe kama uwanja wa Nangwanda Sijaona siku haina mechi, mpira unapita hapo hata wa kuusindikiza hakuna. Siku hizi wengi wananong'onezana kabla ya pointi wameziba mdomo na mpira, kamera zimezidi.

Mbona 40-40 wanacheza pointi moja gemu imeisha? (Ligula)

Hiyo ni kwenye mashindano ya kawaida ya ATP, chama cha tenisi ya wanaume, advantiji (ile ya kutakiwa kushinda pointi mbili mfululizo baada ya 40-40) iliondolewa kwenye dabo tangu 2006, na wanaopokea ndo wanachagua nani apokee. Wakigawana seti moja moja hakuna ya tatu, wanakimbizana hadi pointi 10, kwa tofauti ya mbili. Wimbledon na wakubwa wenzake watatu, yale mashindano makubwa manne ya mwaka, advantiji ipo na seti ya tatu ipo. Mie napenda hii ya wakubwa, ile ya pointi moja naona kama bahati nasibu tu.

Na hapo nina kidonda. Fainali ya Wimbledon 2024, Heliövaara wa Finland na Patten wa Uingereza dhidi ya Waaustralia Purcell na Thompson, seti zote tatu zikaenda taibreka (mkimbizano wa pointi wa kumaliza seti ikifika 6-6), nimeshika simu ya kioo kilichopasuka pale Chikongola tumebanana watu wanne, taibreka ya mwisho bando likakata. Nikaja kusoma baadaye kwamba Heliövaara na Patten wameshinda 11-9, tena walishaokoa pointi tatu za ubingwa, yaani mara tatu wapinzani walibakiza pointi moja tu kuchukua kombe!!

Hela wanalipwa kila mtu au wanagawana? (Masasi)

Wanagawana. Mwaka huohuo mabingwa walipata pauni 650,000 kwa timu, bingwa wa singo, ya mmoja kwa mmoja, peke yake pauni 2,700,000. Ila pointi za renki kila mtu anahesabiwa zake, ndo maana wanaachana na kutafuta wenza wapya bila kuanza sifuri.

Mzee wa miaka 40 anaweza? (Lindi mjini)

Anaweza sana shikamoo zake. Rohan Bopanna wa India alichukua Australian Open 2024 na mwenzake Matthew Ebden, Bopanna akiwa na miaka 43, akawa namba moja duniani kwenye dabo. Uwanja mnagawana, mbio zinapungua, jicho na mkono ndo vinafanya kazi.

Tunataka kuchora uwanja wa dabo kwa chokaa hapa mtaani, vipimo? (Nachingwea)

Urefu mita 23.77, upana 10.97. Mistari ya singo iingize ndani mita 1.37 kila upande. Neti katikati sentimita 91.4. Pigeni na kamba kwanza kabla ya kumwaga chokaa, jamani, macho yanadanganya.