Kasuku wa kwanza kwa nyumba isiyo na mtu mchana

Swali: Daktari, shikamoo. Sijawahi kufuga ndege, na sasa nataka kasuku. Moyo wangu uko kwa kasuku wa kijivu kwa sababu anaongea kama mtu. Mimi na mume wangu hutoka asubuhi na kurudi jioni, watoto wana miaka 8 na 11, na tunaishi kwenye fleti, jirani tumetenganishwa naye na ukuta tu. Muuzaji ananishauri nichukue kifaranga ambaye bado analishwa uji kwa bomba la sindano, eti nikimlisha mwenyewe ndipo atanizoea. Ni kweli? Na je, ninunue mmoja au wawili?

Jibu: Marahaba, dada. Naanza na huyo kifaranga, kwa sababu ndilo jambo la haraka kuliko yote: usimchukue.

Uji wa kifaranga wa kasuku unatakiwa uwe na joto la nyuzi 39 hadi 41 za Selsiasi. Ukizidi hapo unaunguza gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Ukipoa, gole linakataa kusukuma chakula na uji unachachia humo humo. Bomba likielekea pabaya, uji unaingia kwenye njia ya hewa na kifaranga anakufia mkononi. Kuunguza ndiko kunakoniumiza zaidi, kwa sababu mwenye ndege hajui kilichotokea. Kifaranga anaonekana mzima kwa siku kadhaa, kisha ngozi iliyoungua inatoboka, na kila akilishwa uji unavuja kifuani na kugandisha manyoya. Wakiletwa kwangu katika hali hiyo inabidi niwapasue na kushona, na si wote wanaopona. Kumlisha kifaranga ni kazi ya aliyefundishwa.

Na hayo ya kukuzoea si kweli. Kasuku mchanga aliyekwisha kuachishwa, anayekula mwenyewe na aliyezoeshwa kushikwa na watu, atakuzoea vizuri kabisa. Kinachomfanya akuamini ni unavyomtendea kila siku: kumsogelea polepole, kumpa chakula kwa mkono, kumwacha aje mwenyewe. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji uone ndege akila mbele yako bila kusaidiwa, tena akizimenya mbegu, maana wapo wanaozichezea tu mdomoni.

Sasa kasuku wa kijivu. Namheshimu sana ndege huyu, na kwa sababu hiyo hiyo nakuambia asiwe wako wa kwanza, si kwa ratiba hiyo. Huenda umesikia habari za Alex, kasuku wa kijivu ambaye mwanasayansi Irene Pepperberg alimnunua dukani mwaka 1977. Alijifunza kutaja vitu, rangi, maumbo na idadi, na alipokufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31 alikuwa ameandikwa sana katika majarida ya sayansi. Watu humtaja Alex kuonyesha akili ya ndege hawa, na ni haki yao. Mimi humtaja kwa jambo jingine: kwa miaka 30 alikuwa na watu wa kuzungumza naye na kumfundisha, siku baada ya siku. Akili ile ile ukiiacha peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni haitulii. Inaanza kung'oa manyoya, kidogo kifuani, kisha chini ya mabawa, mpaka ndege anabaki ngozi tupu kutoka shingo kwenda chini na kichwa peke yake kina manyoya, kwa kuwa mdomo wake haufiki huko. Tabia hiyo ikishajengeka ni ngumu mno kuiondoa.

Kuna na umri. Akitunzwa vizuri huishi miaka 40 hadi 60. Huyo mtoto wako wa miaka 8 atakuwa mtu mzima wa miaka 50 na zaidi, na ndege bado yupo. Tena, tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yuko katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Mtu akikuuzia asiye na karatasi wala pete mguuni, uwezekano ni mkubwa kwamba aliibwa msituni. Pete inayokubalika ni ile nzima isiyo na kiungo, ambayo huvishwa kifaranga akiwa bado mdogo sana, kabla mguu haujakua.

Kwa nyumba yako ningechagua kokatieli. Ni kasuku mdogo mwenye kishungi, asili yake Australia, uzito wake gramu 80 hadi 100, na huishi miaka 15 hadi 20. Dume hupiga miluzi vizuri sana na hushika nyimbo. Maneno hushika machache. Ni mpole na watoto, na jirani atamsikia lakini hatateseka. Kasoro yake kubwa ni vumbi jeupe linalotoka kwenye manyoya, unaliona hata juu ya meza. Kama kuna mwenye pumu nyumbani, acha kabisa.

Ikiwa shida yako hasa ni maneno, mwangalie bajerigari, kasuku mdogo zaidi. Watu humdharau kwa udogo wake, gramu 30 au 40 tu, ilhali bajerigari mmoja wa Marekani aliyeitwa Puck aliingia kwenye Guinness World Records kwa kujua maneno 1,728. Sauti yake ni ndogo na ya haraka, ukitaka kuelewa inabidi usogee karibu. Huishi miaka 5 hadi 10. Dume aliyekomaa kwa kawaida utamjua kwa ngozi ya buluu juu ya mdomo. Ya jike huwa ya kahawia. Cherero ni wazuri kwa macho ila wanang'ata, na kokatuu, kasuku mkubwa mwenye kelele nyingi, sitakushauri kwa hali yoyote ukiwa na jirani ukutani.

Mmoja au wawili? Kwa kuwa nyumba inabaki tupu mchana, chukua wawili. Muuzaji atakuambia wawili hawatakuzoea, na kuna ukweli kidogo: watapendana wao kwanza. Lakini hebu piga hesabu. Ndege hawa wanahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu kila usiku. Mkirudi jioni mmebakiwa na muda mfupi sana naye kabla hajahitaji kulala. Mpweke huyo siku nzima anamsubiri nani? Chukua madume mawili, kutoka kwa mfugaji mmoja, siku moja. Mkimtoa kila mmoja peke yake kwa robo saa jioni, wote wawili watapanda mkononi. Ukichanganya dume na jike utaingia kwenye mayai, na jike anayetaga mfululizo huishiwa kalisi, yai likakwama tumboni, na hapo ni dharura. Kokatieli wachanga wote hufanana na jike, kwa hiyo ngoja waliokwisha kupukutisha manyoya ya utotoni mara ya kwanza, uso wa dume ukawa wa manjano iliyokolea, au uombe kipimo cha vinasaba.

Siku ya kuchagua usiende moja kwa moja kwenye tundu. Simama mbali, dakika kumi hivi, ujifanye unatazama kitu kingine. Ndege mgonjwa akimwona mtu hujikaza, akabana manyoya na kuchangamka; ni kinga yake dhidi ya wawindaji. Asipojua anatazamwa, ugonjwa unajionyesha: manyoya yamefura mchana kweupe, macho yamelegea, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Hiyo ya mkia ndiyo ya kuogopa zaidi. Mzima akisinzia mara nyingi husimama kwa mguu mmoja. Mgonjwa hushikilia kijiti kwa miguu yote miwili.

Kisha sogea. Tazama vijinyoya vya juu ya pua: vikiwa vimegandamana au kuchafuka, ana mafua. Omba ashikwe, upitishe kidole kwenye mfupa wa kidari. Unatakiwa kusikia nyama pande zote mbili, si ncha kali kama ya kisu. Inama utazame chini ya tundu pia. Kinyesi kizuri kina sehemu tatu: kamba ya kijani au kahawia, kitu cheupe kama chokaa, na maji maangavu. Ukiona cheupe kimegeuka manjano au kijani kibichi, ini lina matatizo, na mojawapo ya sababu ni homa ya kasuku. Ugonjwa huo huambukiza watu kwa vumbi la kinyesi kilichokauka na huleta homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu. Unatibika kwa dawa ya doksisaiklini, ila daktari wako hataufikiria usipomwambia unafuga ndege. Tundu moja likiwa na mgonjwa mmoja, usichukue hata aliye mzima.

Kabla hawajafika nyumbani, ondoa jikoni vikaango vya kutonata. Utando wake ukipata moto kupita kiasi hutoa moshi usio na harufu unaoua ndege kwa dakika chache, hata akiwa chumba cha pili. Parachichi na chokoleti ni sumu kwao, na watoto waambiwe hivyo. Tundu liwe na upana kuliko kimo chake, nafasi kati ya fito isizidi sentimita moja na nusu. Mbegu tupu zitawanenepesha na kuwanyima vitamini A. Wazoeshe peleti (chakula cha ndege kilichotengenezwa kwa vipande vidogo), mboga za majani na karoti tangu mwanzo, maana kokatieli mzee hakubali chakula kigeni.

Nunua na mizani inayosoma gramu moja moja. Wapime kila mmoja asubuhi kabla hajala, uandike. Akipungua asilimia 10 ya uzito wake, mlete siku hiyo hiyo, hata kama anaimba.